Mbeya kwa elfu 40 kwa usiku: loji ya barabara kuu, hosteli ya kanisa, gesti ya mjini au nyumba ya kupanga?

Mwana wa Ufipa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina mama yangu anayehudhuria kliniki Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya. Tunatokea Sumbawanga, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja ni kumuua mgonjwa barabarani. Daktari naye akisema "kipimo kingine kesho kutwa", hapo lazima tulale. Bima inalipa matibabu, kitanda cha gesti hailipi. Bajeti yangu ni elfu 40 kwa usiku kwa chumba cha vitanda viwili, tukijibana sana 50.

Safari hii tuliangukia loji moja maeneo ya Mafiati. Jina nalihifadhi, sikuja kuchafua biashara ya mtu. Kwenye simu ilikuwa na picha safi: kitanda kimetandikwa, pazia zito, televisheni ukutani, na maandishi "maji moto saa 24, mazingira tulivu, chai bure". Nikapiga, nikaambiwa vitanda viwili ni elfu 45, tuma nusu tukuhifadhie. Nikatuma.

Tumeingia saa tatu usiku, maana foleni ya malori Tunduma mnaijua. Kijana wa mapokezi anaangalia mpira. Bila hata kuinua macho anasema vya vitanda viwili vimeisha, kimebaki cha sita kwa sita. Namwambia huyu ni mama yangu mzazi. Anajibu "tutawaongezea godoro". Akafungua kitabu cha wageni, akajaza jina langu, kabila, ninakotoka, ninakokwenda, na kwenye safu ya mwisho akaandika "na mwenza". Nilimfuta kwa peni yangu mwenyewe.

Godoro lililetwa limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, pamoja na shuka moja. Mbeya, mwezi wa saba, shuka moja! Kitanda cha mama kilikuwa na blanketi la duma, lile jepesi, ukilivuta miguu inabaki nje.

Bafuni kuna shawa ya umeme ya plastiki. Waya mbili zinatoka ukutani, zimeungwa juu ya kichwa chako kwa selotepu nyeusi, na pale zilipoungana plastiki imeiva rangi ya kahawia. Ukifungua maji yote, baridi. Ukipunguza mpaka yachirizike, yanakuwa vuguvugu na taa ya chumbani inafifia. Mama alinawa uso na miguu, akasema mwanangu inatosha.

Chini yetu baa. Muziki ulizimwa saa tisa usiku, yakabaki malori yanayopunguza gia kwenye matuta. Chai ya bure: chai ya rangi kwenye chupa, chapati moja moja ya jana, na mayai ambayo dada alituuliza kwanza kama "tutayalipia pembeni". Saa nne asubuhi sisi tuko foleni ya vipimo, wao wametoa mabegi yetu chumbani. Tuliyakuta mapokezi, dawa za mama zikiwa ndani ya mfuko ulioachwa wazi.

Sihitaji pole tu, nahitaji ulinganisho wa watu wanaolala Mbeya. Nimesikia habari za hosteli za makanisa, gesti za mjini kati, na hizi nyumba za kupanga kwa siku. Kwa mtu mwenye mgonjwa wa magoti, ipi ina nafuu? Kliniki ijayo ni wiki ya kwanza ya mwezi wa nane.

Nawasilisha.

---

Kibuyu cha Maziwa

Mafiati unalala? Mafiati panakeshwa mkuu.

---

Binti Loleza

Pole sana kaka, na mpe mama pole yake.

Mimi ni mwenyeji, nimezaliwa Sokomatola. Kwa hali ya mama, nenda hosteli ya kanisa bila kufikiria mara mbili. Wamoraviani wanayo upande wa Jacaranda, Wakatoliki na Walutheri nao wana nyumba zao za wageni. Usitegemee anasa. Kitanda ni cha mbao, godoro gumu kiasi, ukutani kalenda ya kanisa basi. Lakini utakuta mablanketi mawili mazito kila kitanda, kwa sababu waliozijenga nyumba hizo walijua wako mwinuko wa mita kama 1,700 na usiku wa Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Loji nyingi mpya zinatandika kama ziko Tabata, kwenye joto la Dar.

Vitanda viwili utapata ndani ya bajeti yako, hasa ukikubali bafu la kuchangia. Bafu la kuchangia la hosteli ni safi kuliko mabafu mengi ya ndani ninayoyajua, kwa sababu yupo mama anayeyapitia asubuhi na jioni.

Ubaya wake: geti linafungwa mapema, kwa hiyo ukichelewa na hizo foleni za Tunduma uwe umepiga simu. Pombe hakuna. Na wakiwa na semina ya wachungaji au mkutano wa akina mama, chumba hupati hata ulie.

---

Utingo Mstaafu

Naona watu wanakimbilia makanisani. Kuna kitu kinaitwa Uyole. Vyumba chee, maegesho makubwa, basi la Dar linakupitia mlangoni. Elfu 20 unalala kama waziri.

---

Binti Loleza

Uyole ni kama kilomita kumi kutoka mjini, mzee wangu. Na sasa hivi barabara iko kwenye upanuzi wa njia nne kuanzia Nsalaga mpaka Ifisi. Mama mwenye magoti umpandishe daladala asubuhi ya foleni ile, akae dirishani anakula vumbi, aje awahi namba ya kliniki? Uyole ni ya mtu anayekwenda Tukuyu au Kyela kesho yake alfajiri. Hapo nakubaliana na wewe.

---

Utingo Mstaafu

Hoja yako imeshiba binti. Magoti sikuyasoma.

---

Fundi wa Igawilo

Wakuu, mimi ni fundi umeme. Mambo ya chai na mapokezi nawaachia. Mmepita juu juu kwenye ile shawa na mimi ndiyo iliyonitisha.

Mleta uzi anasema waya mbili. Alitakiwa aone tatu. Ule wa tatu ni wa kutupa umeme ardhini, ule wa kijani na njano. Shawa ikivuja umeme na waya huo haupo, umeme unatafuta njia nyingine ya kwenda chini, na njia hiyo ni mtu mwenye maji mwilini aliyesimama kwenye sakafu mbichi.

Pili, ile kahawia. Shawa nyingi za aina hiyo zimeandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Gawanya, unapata ampea 25. Huo ni mzigo wa waya wa milimita za mraba 4 au 6, ukiwa na breka yake peke yake. Sasa mwenye loji anajenga, anafunga mfumo wa taa na soketi, halafu miaka miwili baadaye wateja wanalalamika baridi, anamwita kijana amchomekee shawa kwenye waya uleule wa soketi wa 2.5. Maungio yakilegea kidogo tu yanapata moto kila mtu anapooga, plastiki inaanza kuiva. Ikishafika kahawia haiko mbali na moshi.

Tatu, kwa nini maji hayakuwa ya moto. Watu wanadhani shawa ni mbovu. Pengine si mbovu kabisa. Shawa ile haina tangi, inapasha maji yakiwa yanapita. Tuseme maji ya bomba yanatoka nyuzi 15, na ukafungua lita 3 kwa dakika. Wati 5,500 zote zikifanya kazi, maji yanapanda nyuzi kama 26, unaoga kwa nyuzi 41, raha mustarehe. Ukifungua lita 6 kwa dakika, joto linaloongezeka ni nusu yake, unapata nyuzi 28. Hapo unaanza kuruka.

Halafu kuna volti. Jioni mtaa mzima unapika, unapiga pasi na unaoga, volti zinaweza kushuka mpaka 180. Nguvu ya hita haipungui sambamba na volti, inapungua kwa mraba wake. Kwa volti 180 hita yako ya 5,500 inabaki na 3,700 hivi, theluthi mbili tu. Lita zako 3 sasa zinatoka nyuzi 32 au 33, na hapo ni baada ya kuyabana maji mpaka yachirizike. Taa ya chumbani kufifia ndiyo dalili yenyewe: waya mwembamba na mzigo mkubwa.

Ushauri wangu: ukionyeshwa chumba, usiulize "maji moto yapo?" Kila mtu atakujibu yapo. Ingia bafuni, angalia juu, hesabu waya. Ukiona selotepu, omba ndoo.

---

Kibuyu cha Maziwa

Fundi umenifanya niende kuangalia bafu langu mwenyewe. Waya mbili. Njoo inboksi.

---

Mama Parachichi

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Tukuyu, naleta mzigo Mwanjelwa, na nikichelewa nalala mjini. Nalala gesti ya kawaida ya uani kule Sokomatola, elfu 15. Wakiniona tu wanajua chumba changu.

Ninyi vijana mnadharau gesti. Pale hakuna shawa ya umeme, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya. Saa kumi na mbili asubuhi dada anagonga: "Mama, maji tayari." Ndoo kubwa, yamechemshwa kwa kuni kwenye pipa nyuma ya jiko, unachanganya mwenyewe na ya baridi mpaka unavyotaka. Unaoga unatoka mvuke. Umeme ukatike usikatike, mimi nimeoga. Na chai nakunywa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, supu na chapati ya moto, sio hiyo ya jana mliyopewa.

Ila kwa mama yako nitasema ukweli. Choo kiko uani na ni cha kuchuchumaa. Usiku anatoka nje na baridi ile, kanga na sweta, anavuka ua wenye maji ya kuoshea vyombo. Magoti hayatamruhusu. Ungekuwa peke yako ningekwambia njoo Sokomatola, okoa hela zako umnunulie mama maziwa.

---

Mapokezi Mzoefu

Naomba niwe wakili wa shetani kidogo. Nimefanya mapokezi kwenye loji za hapa Mbeya kwa muda mrefu, sasa hivi niko kwenye hoteli kubwa kidogo. Kijana aliyewapokea alikosea adabu na kuandika "mwenza" ni uzembe. Lakini wacha niwape picha ya upande wa pili wa kaunta.

Kwanza hiyo nusu uliyotuma. Uliituma kwenye namba ya nani? Loji nyingi namba iliyo kwenye tangazo ni ya meneja au ya mtoto wa mwenye nyumba. Anapokea hela, anapiga simu mapokezi, anasema "wekea mtu chumba". Hakuna kinachoandikwa. Zamu inabadilika saa mbili usiku, kijana mpya anakuta ufunguo unaning'inia, anakuja mteja na hela taslimu, chumba kimekwenda. Ukituma hela, dai ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe, aina ya chumba na jina la aliyepokea. Na ukifika ukakuta chumba ulicholipia hakipo, usikubali godoro. Dai hela yako palepale kabla hujaweka begi chini. Ukishaweka begi umekubali.

Pili, saa nne. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, loji za barabara kuu zimebadilika. Mtu anashuka saa nane usiku, anatoka saa kumi na moja alfajiri. Mwingine anaingia saa tano asubuhi apumzike, aondoke jioni. Chumba kimoja kinauzwa mara mbili, siku nyingine tatu. Mwenye loji ya barabarani hataki mgonjwa anayekaa siku tatu, anataka wa kupumzika saa chache aondoke. Ndiyo maana mabegi yanatolewa saa nne na dakika moja, na shuka hazipati muda wa kukauka. Wewe ulikuwa mteja sahihi kwenye nyumba isiyo sahihi.

Tatu, baa. Vyumba vya juu ya baa vinawekwa watu wa simu, kwa sababu mteja aliyekuja mwenyewe anavikataa. Kuna vya nyuma kila loji. Omba cha nyuma.

---

Mwana wa Ufipa

Mkuu Mapokezi, nakushukuru kwa uwazi, ila hapo kwenye mabegi siwezi kukuelewa. Kulikuwa na dawa za mgonjwa. Nilikuwa nimelipia usiku wa pili jioni ileile, na risiti sikupewa, kila nikiomba naambiwa mashine imegoma. Asubuhi zamu mpya ikasema haina taarifa.

---

Mapokezi Mzoefu

Kama ulilipia usiku wa pili, hapo sina utetezi. Na mashine ya risiti za kodi, EFD, kugoma kila siku, nadhani kila mtu humu anajua maana yake. Risiti ndiyo ingekuwa silaha yako asubuhi ile. Wakikataa mashine, waandike hata kwenye karatasi, wasaini, upige picha.

---

Kijana wa Ipogolo

Ndiyo maana mimi nasema Iringa ni bora kuliko Mbeya kwa malazi. Pale mjini kwa elfu 35 unapata chumba kisafi, kimya, unaamka unaiona Gangilonga. Baridi yetu ni ya kiungwana.

---

Mwana wa Ufipa

Ndugu yangu wa Ipogolo, kliniki iko Mbeya. Mama akienda kuoga Iringa atarudi saa ngapi?

---

Kijana wa Ipogolo

Haha, nimekuelewa. Lakini siondoki bila kusema kitu kimoja cha kulinganisha. Iringa barabara kuu iko bondeni na mji uko juu kilimani. Basi linakushusha stendi ya Igumbilo au Ipogolo, wachovu wanalala hukohuko chini penye malori, wenye subira wanapanda bajaji kwenda mjini. Bei hazipishani sana, usingizi unapishana mno. Kwa mnavyosema hapa, tofauti ya Mafiati na mjini kati ni habari ileile. Hela ya bajaji ndiyo bei halisi ya usingizi.

---

Mwalimu wa Sae

Kuna chaguo moja bado halijaguswa vizuri, nyumba za kupanga kwa siku. Tulimuuguza baba mkwe mwaka juzi, na tukachukua nyumba Forest. Vyumba viwili, sebule, jiko la gesi, ndani ya geti. Bei ilikuwa elfu 70 kwa usiku, tukapunguziwa kidogo kwa kuwa tulikuwa tunakaa wiki nzima.

Ukiisikia 70 unashtuka. Lakini mgonjwa anahitaji uji saa kumi usiku, na gesti hakuna wa kukupikia. Sisi tulinunua mchele wa Kyela na ndizi pale Soko la Mwanjelwa, tukapika, watu watano tukala. Kwa loji tungechukua vyumba vitatu na kununua chipsi kila siku. Kwa watu wawili haikulipi. Kuanzia watu wanne na siku nne, inalipa.

Angalia vitu viwili. LUKU: kuna nyumba unakuta yuniti mbili tu, mwenye nyumba kazima simu, giza. Ukipokea funguo, bonyeza mita mbele yake. Na pili uliza maji ya akiba, tangi liko wapi na limejaa kiasi gani. Mitaa mingine mabomba yana ratiba.

Hayo mengine, waifai sijui televisheni ya inchi hamsini, mgonjwa hana habari nayo.

---

Mama Parachichi

Mwalimu umesema neno. Mgonjwa uji. Hiyo hosteli ya akina Binti, jikoni wanaruhusu?

---

Binti Loleza

Mama, shikamoo. Kupika mwenyewe hapana. Lakini wana kantini, na ukizungumza nao vizuri jioni wanakuwekea uji wa ulezi kwenye chupa yako ya chai. Uwe na chupa yako. Wali maharage na ndizi za nyama vipo mchana, bei ya kawaida kabisa.

---

Utingo Mstaafu

Swali la kizushi: na wale wanaosema walale Tukuyu kwenye loji nzuri zenye bustani, halafu waje Mbeya asubuhi?

---

Fundi wa Igawilo

Hao ni watalii wa Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Ni kama kilomita 70, na ukungu wa asubuhi kule Isongole hauna haraka. Kwa kliniki sahau.

---

Mapokezi Mzoefu

Mleta uzi, nimerudi kwa jambo moja ambalo naona wote mmelipita. Umesema kliniki ijayo ni wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Hiyo ni wiki ya Nanenane! Maonesho ya Nyanda za Juu Kusini yanafanyika viwanja vya John Mwakangale hapahapa Mbeya, yanaanza tarehe 1 na kilele tarehe 8. Wataalamu, wauza matrekta, kampuni za mbegu, taasisi zote, wakulima kutoka Rukwa, Njombe, Songwe, wote wanatafuta kitanda. Mwaka 2022 na 2023 yalipofanyika kitaifa hapa, watu walilala Mbalizi na wengine Tukuyu.

Wiki hiyo kile chumba cha elfu 45 kinakuwa 70 na hakuna wa kukuomba radhi. Loji za Mafiati, Kabwe na eneo la Nanenane ndizo zinajaa kwanza kwa kuwa ziko karibu na barabara ya viwanjani. Hosteli za makanisa hazipandishi bei kiholela, lakini taasisi zinazijua pia na zinaweka nafasi kwa barua mapema.

Kwa hiyo mjadala wa ipi bora umekwisha, swali ni ipi bado ina nafasi. Kesho asubuhi mtu aende.

---

Mwana wa Ufipa

Aisee. Nanenane haikuwa kichwani kabisa.

Wakuu, kwa nilivyowasoma: nikiwa peke yangu kufuata majibu ya vipimo, gesti ya Mama Parachichi na ndoo yake. Nikiwa na mama, hosteli. Siku ndugu wakiamua kuja wote kama wanavyotishia, nyumba ya Mwalimu. Barabara kuu ni ya kushukia na kupandia basi, kulala hapana. Na popote nitahesabu waya.

Nipo Sumbawanga, sina mtu Mbeya wa kumtuma. Binti Loleza, ninakuomba kama hutajali.

---

Binti Loleza

Nitapita kesho nikitoka sokoni, usijali kaka.

---

Utingo Mstaafu

Huyu binti apewe soda.

---

Binti Loleza

Nimetoka hosteli sasa hivi. Vyumba vya bafu la ndani vimekwisha kuanzia tarehe 1 hadi 9, wamechukua watu wa mbegu kama alivyosema Mapokezi. Vimebaki vitatu vya bafu la kuchangia, vitanda viwili viwili, elfu 35 na chai ndani. Nimeingia bafuni. Choo ni cha kukaa, kina shikio la chuma ukutani, na kutoka chumba namba 6 ni hatua chache bila ngazi. Maji ya moto ni ya tangi linalopashwa kwa kuni nyuma, yanatoka bombani asubuhi na jioni. Fundi, waya hazipo kabisa.

Nimewaomba wakushikie namba 6 mpaka Ijumaa saa kumi. Malipo ni ofisini kwao, au kwenye namba ya malipo iliyobandikwa dirishani yenye jina la hosteli. Picha yake nimekutumia inboksi, hakikisha jina linalotokea kwenye simu yako ni hilohilo. Wanatoa risiti. Geti saa nne usiku, ila nimewaambia mnatokea njia ya Tunduma, mlinzi ataachiwa jina lako.

---

Mwana wa Ufipa

Nimelipa, jina limetokea sawa. Risiti wamenitumia picha yake, imeandikwa "mama na mwana, vitanda viwili".

---

Kibuyu cha Maziwa

Vimebaki viwili basi? Binti, mimi nakuja tarehe 5 na mzigo wa mbegu za viazi, naomba namba hiyo ya dirishani.